Dola Mia na Ishirini na Jina la Baba Mkwe

Wiki iliyopita niliwaacha njiani, miguu imevimba, dola mia na ishirini zimefungwa kwenye pindo la kitenge changu. Leo ngoja niwape aibu yangu yote kwa pamoja, maana nikiibakiza itaniozea tumboni.

Kwa wewe unayeanza kunisoma leo, mimi ni Mama Falone. Mume wangu alikwenda kuchimba madini Walikale, na simu yake imezimwa tangu mvua za mwaka jana. Vita vilitutoa kwenye malisho yetu ya Masisi, tukashuka hadi Kalembe na familia ya mume. Baba mkwe wangu akapasuliwa ngiri katika hospitali moja ya mbali, akapona vizuri. Kupona ndiko kulikoleta balaa. Hajalipa, kwa hiyo hatoki. Wiki ya tano sasa analala barazani pamoja na wenzake waliopona kama yeye na wasio na kitu kama yeye.

Na huyu ni mzee wa ng'ombe, tena wa zamani. Hali chakula mbele ya watu asiowajua. Anataka maziwa, na maziwa hospitalini hakuna.

"Mama, papa yenu anakauka," muuguzi mmoja, Joséphine-Marie, aliniambia kwenye simu. "Tunamupa ugali, anatazama ukuta. Mulete feza, juu nikiona siku zingine mbili tatu hivi, sijue."

Basi nikauza cherehani yangu. Mamy, mke wa kaka mkubwa wa mume wangu, akauza mbuzi wake. Hayo nilishawasimulia.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi. Gari la parokia lilikuwa liondoke hospitalini saa tisa mchana kuja upande wetu, na padri alikuwa amekubali kumpakia mzee bure. Likimwacha, hakuna ajuaye lingine litapita lini, kwa njia hizi na vizuizi hivi. Kazi yetu ilikuwa moja: kuingiza zile dola kwenye kompte, yaani akaunti, ya simu ya mzee kabla ya saa tisa, alipe deni kwa simu, apande gari, aje nyumbani.

Kazi ya dakika tano, utasema. Nami ndivyo nilivyosema.

Kabine ya Victorine ni mwavuli, meza na simu tatu zilizofungwa kwa mipira. Iko kwenye kona ya barabara, mahali ambapo rezo, mtandao wa simu, inakamata bila mtu kupanda mlima. Victorine mwenyewe ni mama wa Walikale, binti wa wawindaji, mwimbaji wa kwaya. Akikusalimia asubuhi, walio ng'ambo ya mto nao wanaitika.

Tulifika saa tano, Mamy na mimi, baada ya mwendo wa saa mbili juani.

"Mama Victorine, tunataka kuingiza feza ku simu ya muntu."

"Karibuni. Mulete feza kwanza, tuangalie."

Alizichukua noti moja moja, akaziinua kwenye jua, akazigeuza, akazipapasa ukingoni kwa kucha. Alipofika kwenye noti ya ishirini, kucha ilisimama.

"Hii imepasuka."

"Wapi?"

"Hapa. Ona."

Kulikuwa na mpasuko usiotosha hata kupitisha uzi. Lakini ninyi mnaijua nchi yetu. Mtu anaweza kuishi na jicho moja, akaoa, akachaguliwa hata kuwa chifu. Dola yenye jeraha kama lile imeshakufa, kilichobaki ni kuizika.

"Ninaikamata kwa kumi na saba," alisema Victorine.

"Mama! Ni makumi mbili!"

"Peleka kwa mwingine, basi."

Mwingine hakuwapo. Nilihisi machozi yakinipanda, si kwa sababu ya dola tatu, ila kwa sababu nimechoka. Nimechoka na kila kitu kuwa na mpasuko. Mamy akanitazama, akavuta pumzi ndefu ya mtu anayeonewa, akatoa faranga kwenye sidiria yake na kuzihesabu juu ya meza mpaka zikatimia.

"Miye njo ninaongeza, miye mwenyewe," alisema. "Mabukwe atajua ni nani aliongeza."

Mabukwe ni mama mkwe wetu. Mamy humpelekea habari kabla hazijatokea.

Kisha wingu likashuka, rezo ikapotea. Tukakaa. Saa sita ikapita. Victorine akaimba nyimbo tatu za kwaya na nusu ya nne. Saa sita na nusu wingu likasogea, naye akashika simu.

"Nomero?"

Nambari ya mzee ilikuwa kwenye mkono wa Mamy. Simu yake ya zamani ilipotea siku tuliyokimbia. Hii ilikuwa mpya, aliyonunuliwa kulekule hospitalini, na Joséphine-Marie alikuwa amemsomea Mamy nambari ile asubuhi. Karatasi haikuwapo, Mamy akaiandika kwa kalamu ya Bic kwenye mkono, kama tunavyofanya sote. Akaanza kusoma. Alipokaribia mwisho akasita, akaugeuza mkono kwenye mwanga.

"Tatu... hapana. Munane."

"Munane ao tatu?"

"Munane."

Victorine akabonyeza. Halafu akaiweka simu mezani, akakunja mikono.

"Sasa muniambie jina ya mwenye kompte. Muniambie nyinyi kwanza, kisha miye ninaangalia ku ekrani kama ni yeye. Njo sheria yangu. Kuna siku nililipa feza ya muntu mu mufuko yangu mwenyewe."

Mamy akanitazama. Nami nikamtazama Mamy.

Hapa lazima niwaeleze, msije mkadhani tulikuwa wajinga wawili tu. Kwetu, katika nyumba za wafugaji wanaoshika ya zamani, mwanamke hatamki jina la baba mkwe wake. Tunaita gutsinda. Hulitamki akiwapo, hulitamki asipokuwapo. Likitajwa na mwingine mbele yako, unainamisha kichwa na kukohoa, uonyeshe kwamba masikio yako yana adabu. Najua wasichana wa mjini wanacheka. Kucheka nako ni raha yao. Mimi nimeolewa miaka kumi na mmoja na jina lile halijawahi kupita kwenye meno yangu. Na mzee hakubatizwa jina la kizungu la kunisaidia, alilonalo ni lile moja alilopewa na baba yake.

"Mama, hatuwezi kulisema," nikamwambia Victorine.

"Hamulijue?"

"Tunalijua sana."

"Sasa?"

"Kwetu muke hatajake jina ya databukwe."

Victorine alicheka mpaka mwavuli ukatikisika. "Yesu wangu! Miye baba-mukwe wangu nilikuwa ninamuita toka shamba mpaka jikoni, anakuya anakimbia! Basi, muandike."

Akanisukumia Bic. Naungama, kama ningekuwa peke yangu ningeandika. Hata ningenong'ona. Lakini Mamy alikuwa amenitolea macho, na mabukwe alitufundisha sote wawili kwamba mkono na mdomo vimezaliwa tumbo moja. Mke aliyetaja jina hurudishwa kwao, na hapokelewi tena mpaka baba yake aje na pombe na maneno ya kuomba radhi. Baba yangu amezikwa Masisi, na nyasi za juu yake siku hizi sijui zinaliwa na ng'ombe wa nani. Mimi ningerudishwa wapi? Nani angenibebea pombe?

Nikairudisha Bic mezani.

"Andika wewe, dada Mamy. Wewe ni mukubwa."

"Miye? Andika weye. Weye njo ulisoma."

"Mama zangu," alisema Victorine, "rezo haingojake batu. Miye nitasoma jina ya ku ekrani, nyinyi muitike tu. Ndiyo ao hapana. Hiyo nayo imekatazwa?"

Hiyo haikukatazwa. Tukakubali, na tukaona tumepata akili.

Victorine akainua simu, akasoma kwa sauti yake ya kanisani. Alipofungua tu mdomo, Mamy akainamisha kichwa na kuanza kukohoa. Nami, ili nisionekane mkwe mwenye masikio marefu kumshinda, nikainama zaidi, nikakohoa zaidi. Mamy akasikia, akaongeza. Tukakohoa pale kama wagonjwa wa kifua, kila mmoja akitaka adabu yake iwe ndefu kuliko ya mwenzake, hadi mpita njia mmoja akatusogelea akiuliza kama tunataka maji.

"Njo yeye?" aliuliza Victorine.

"Njo yeye," nilisema.

"Njo yeye kabisa," aliongeza Mamy, asije akapitwa.

Simu ikalia mlio mdogo. Pesa zimekwenda.

Jamani, furaha niliyoisikia! Tuliketi kwenye benchi, tukanunua ndizi moja, tukaigawa. Mamy akanifuta vumbi begani, jambo ambalo hajalifanya tangu niolewe. Nikamwambia mzee akifika tutamchemshia maziwa ya jirani. Akasema yeye ndiye atakayechemsha. Nikasema haya.

Saa saba nikampigia Joséphine-Marie.

"Feza imefika?"

"Bado."

"Angalia tena, dada. Tulituma zamani."

"Mama Falone, niko na simu ya papa mu mukono hapa. Hakuna mesaji. Mulituma ku nomero gani?"

Mamy akausoma mkono wake. Kisha Joséphine-Marie akasoma ile yake, polepole, tarakimu baada ya tarakimu, nami nikamfuata kwa kidole kwenye ngozi ya Mamy. Ya tatu kutoka mwisho, yeye alisema tatu. Nikaukaribia ule mkono. Jasho la saa mbili za njia lilikuwa limeiyeyusha Bic, na tatu ilikuwa imejifunga mbele ikawa nane.

Nikamgeukia Victorine.

"Mama, ulisoma jina gani?"

"Ule wa ku ekrani. Noël."

"Noël?"

"Noël! Nilisoma mara mbili, kwa sauti! Baba-mukwe wenu haitwake Noël?"

Noël! Jina hilo hakuna aliyelikataza. Ningeweza kulitaja asubuhi na jioni, ningeweza kuliimba. Kama ningeacha kukohoa kwa pumzi moja tu, ningelisikia, ningesema hapana, na mzee angekuwa anapanda gari. Tulipigania heshima ya jina na jina lenyewe hatukulisikia.

"Mulisema njo yeye kabisa," alisema Victorine, sasa sauti imeshuka. "Muntu huyu iko shahidi."

Yule mpita njia wa maji bado alikuwapo. Akatikisa kichwa kukubali.

Tulipiga simu kwa kampuni. Muziki. Sauti ya mwanamke wa mashine akituomba tungoje. Muziki tena. Hatimaye mtu wa kweli akatuambia, kwa Kifaransa chenye usingizi, kwamba pesa zikishaingia kwa mtu haziwezi kurudishwa asipokubali mwenyewe, na kama ameshazitoa, basi, poleni. Simu ikakatika. Maji yakimwagika hayazoleki, wahenga walisema, na wahenga hawakuwahi kungoja kwenye simu dakika ishirini kuambiwa hivyo.

"Piga kwa huyo Noël mwenyewe," alisema Mamy.

Nikapiga. Mwanaume akapokea, nyuma yake watu wengi.

"Papa, samahani. Jina langu Mama Falone, niko Kalembe. Tumekutumia feza kwa makosa, dola mia na..."

"Haa!" alidakia. "Mumeanza! Juzi tu mumoja aliniita hivyo hivyo, ati amenitumia kwa makosa, nirudishe haraka. Nikarudisha, kumbe hakutuma kitu. Wezi nyinyi!"

"Miye si mwizi, papa! Angalia mesaji yako!"

Akaiangalia. "Mesaji iko. Lakini ile ni yangu. Ni kaka wangu amenisaidia, iko ku madini."

"Si kaka wako. Ni yetu. Ilikuwa ya mugonjwa."

"Ya mugonjwa gani? Sema jina ya ule ulikuwa unamutumia. Sasa hivi. Mwenye feza hatafutake jina. Mwizi njo anatafutaka."

Nilifungua mdomo.

Mamy alikuwa amesimama mbele yangu, hatua moja, mikono kiunoni. Akanitazama midomo.

"Ni... ni baba ya bwana wangu," nilisema.

"Jina!"

"Ni muzee mumoja wa..."

"Ona vile anatafuta! Mwizi!"

Akakata.

Nilipiga tena, hakupokea. Nikapiga tena, hakupokea. Saa nane ilikuwa imepita. Nilimwona mawazoni mzee wangu barazani, mgongo ukutani, akihesabu magari kwa masikio. Mtu yule, mwaka ule wa kwanza nilipochelewa kushika mimba na mabukwe akaanza maneno, ndiye aliyesema: "Mwacheni mtoto wangu, hata ng'ombe mzuri hutulia kwanza." Aliniita mtoto wake. Na mimi nilikuwa nimemwacha akauke kwa sababu ya kuogopa ulimi wangu.

"Dada Mamy," nilisema, "sogea kule kidogo."

"Juu ya nini?"

"Unajua juu ya nini. Ziba masikio, ao uende kununua kitu."

"Mbuzi wangu iko mu feza ile," alisema. "Sitasogea."

"Basi, taja weye."

Akafumba mdomo wake mpaka midomo ikapotea.

Victorine alitoa simu yake ya tatu, yenye nambari ambayo Noël hajaiona, akapiga mwenyewe, na sauti ya yule mwanaume ilipotoka akaniwekea sikioni.

Nikapiga moyo konde, nikalisema. Lote, kuanzia mwanzo hadi mwisho, kwa sauti, nikaongeza na la baba yake ili asiseme natafuta. Hapa gazetini sitaliandika, mara moja inatosha. Niwaambie tu kwamba anga halikuanguka. Kilichotokea ni kwamba Mamy alipiga yowe dogo, akajifunika uso kwa kitenge, akageuka na kushika njia ya nyumbani.

Nikasikia kitoto kinalia karibu sana na simu.

"Mama," alisema Noël, na sauti haikuwa ile ya kwanza, "kumbe ni kweli."

"Ni kweli, papa. Turudishie, nakuomba. Tuko na saa moja tu."

"Feza haiko tena."

"Vipi haiko?"

"Niko hapa Itebero, Walikale. Muke wangu alizaa kwa kupasuliwa. Walimufunga hapa siku kumi na moja, yeye na mutoto, juu sikuwa na ya kulipa. Wanalala chini. Leo mbele ya saa saba mesaji inaingia. Nikasema kaka amenikumbuka, nikalia. Nililipa palepale, mia na kumi na saba. Sasa hivi wako inje, chini ya jua, mutoto analia. Unamusikia?"

Nilimsikia.

Nikakaa chini, si kwenye benchi, chini kabisa. Ningemtukana kwa lipi? Kwa kumtoa mke wake mahali pale ambapo mimi natafuta kumtoa mzee wangu? Natamani angekuwa mwizi. Mwizi ungemlaani ukalala.

"Nitalipa," alisema Noël. "Niko na shamba ya muhogo, niko na mukono. Lakini si leo, mama, wala si mwezi huu. Kaka nikimupata..."

Sauti ya mwanamke, nyembamba, ikaingia pembeni: "Mwambie aksanti. Mwambie ile tumesema."

"Mama Falone, muke wangu anasema hivi. Mutoto bado hana jina. Tulikataa kumupa jina mule ndani kama mufungwa. Ile jina umetaja, ya papa wenu, tunaomba tumupe. Juu yeye njo alimutoa. Infirmie, muuguzi wa hapa, iko na karatasi ya kuzaliwa, anatungojea. Utukubalie?"

Nikajikuta nataka kusema ndiyo. Mdomo ulikuwa umeshafunguka. Victorine akanirukia, akafunika simu kwa kiganja.

"Usiitike!" alininong'oneza, naye kunong'ona hakuzoea. "Unajua unaitika nini? Kwetu Walikale mutoto akikamata jina yako, iko homonyme yako, iko damu yako. Na muntu hadaike deni kwa homonyme wake. Ukisema ndiyo, feza yenu imekuwa zawadi ya jina. Hatarudisha hata makuta moja, na hakuna chifu atamulaumu!"

"Anajua hivyo?"

"Ni muntu wa Itebero! Anajua! Lakini..." Akatazama ile simu chini ya kiganja chake. "Lakini inaweza pia kuwa roho yake. Sijue. Vyote viwili vinaweza kuwa."

Siku ile nilikuwa nimeshasema ndiyo moja bila kusikiliza. Nilijua bei yake.

Nikisema hapana, nakinyima kitoto cha siku kumi na moja jina kililoombewa, na pesa labda zitarudi, muhogo ukikomaa. Nikisema ndiyo, cherehani imekwenda, mbuzi amekwenda, na mzee anabaki barazani akitazama ukuta. Na tena jina si langu. Mimi ni mtu niliyekatazwa hata kulitamka, nitaligawaje?

Mchanga ukalia nyuma yangu. Mamy alikuwa amerudi. Sijui alifika wapi akageuka. Kitenge kilikuwa kimeshuka shingoni na macho yalikuwa mekundu.

"Nimesikia," alisema. "Jina hiyo si yako, na si yangu. Muulize mwenyewe."

"Nimuulize nani?"

"Databukwe. Mupigie."

"Nitamwambia nini, Mamy? Nitamwambia jina lilifikaje mu mudomo yangu?"

"Utamwambia. Na umwambie miye pia nilikohoa."

Alitoa simu yake mwenyewe, salio lake mwenyewe, akamwita Joséphine-Marie, akaomba apewe mzee, kisha akanitia simu mkononi. Kwa hiyo nilikuwa na simu mbili. Kwenye sikio la kushoto kitoto cha Itebero kilikuwa kinalia, na baba yake anauliza, "Mama? Mama, unasikia? Infirmie anangoja." Kwenye la kulia nilisikia hatua, kikohozi, simu ikipita mkono hadi mkono.

Halafu ikaja sauti ya baba mkwe wangu. Ilikuwa imepungua, lakini ilikuwa na furaha.

"Mama Falone, njo weye? Gari ya parokia imefika. Nimekwisha kukunja mukeka, nimeaga wenzangu wote, padri anasema nipande haraka. Niambie tu, mutoto wangu, feza imeingia? Nipande ao nikae?"